Udongo Uliokwisha Kuguswa

Siku mliponiaga kwa soda na blanketi, vijana wa yadi, mlisema niwaandikie niliyoyaona kazini, maana nikianza kusimulia kwa mdomo sishuki. Nimekubali, ila msitafute humu habari za vyeo. Nilipanda kijiko cha kuchimbia nikiwa opereta, nimeshuka nikiwa opereta, na kiti ni kilekile cha kuvunja mgongo. Nitaandika habari za udongo, na zaidi habari za kazi moja ambayo mmekuwa mkiniuliza na mimi najifanya sisikii.

Nilianza na sururu, kibarua wa barabara ya kwenda Mkwajuni, enzi ambazo huku kote tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Kijiko cha kwanza kukiona kilikuwa cha mtumba, kimeandikwa maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, kinavuja oili kuliko kinavyokunywa. Aliyekiendesha alikuwa Mzee Silwimba, Mnyamwanga mwembamba asiyecheka. Siku nyingi za mwanzo hakuniruhusu kugusa hata wenzo. Nilisimama pembeni nikitazama ndoo inapanda na kushuka, na jioni ananiuliza, "Umeona nini?" Nikijibu kwamba nimeona shimo, ananiambia nirudi kesho nikatazame tena.

Alichotaka nikione ni hiki. Udongo ukishaguswa mara moja, haurudi ulivyokuwa. Chimba shimo leo, lifukie leoleo kwa udongo uleule, panda na majani juu, halafu ngoja miaka. Mwenye macho atalijua tu. Wekundu wa chini umepanda, weusi wa juu umeshuka, rangi zimechanganyika kama ugali uliosongwa na mtu mvivu. Ukifunga ndoo isiyo na meno ukakwangua taratibu, tabaka jembamba baada ya tabaka, ukanyunyiza maji kidogo, kingo za shimo la zamani zinajichora zenyewe. Mzee Silwimba alikuwa akikwangua hivyo hata pasipo na haja, na mabosi walikuwa wakilalamikia dizeli.

Jambo lake la pili lilinitia hofu tangu mwanzo. Tukiingia eneo jipya, kabla ya ndoo ya kwanza, aliamuru injini zote zizimwe, tipa, shindilia la kukandamizia ardhi na kila kitu. Anakaa kwenye mnyororo wa kijiko, mikono magotini, kimya. Nikamuuliza anasikiliza nini. "Kama yupo mwenye la kusema, aseme sasa," alinijibu, "asije akasema baadaye hatukumpa nafasi." Nilidhani ni utani. Baadaye nikamzoea, na mpaka nastaafu nimefanya vilevile, ingawa ninyi mlikuwa mkichekea kwenye tipa mkidhani sioni.

Tunduma, mji wetu wa mpakani, ilipoanza kujaa malori, mtaa wa viwanda vya zamani ukawa lulu. Vile viwanda vilikuwa vimekufa kimoja kimoja tangu soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje. Wenye fedha mpya wakanunua magofu, sisi tukaitwa kuvunja, kung'oa misingi, kusawazisha, kumwaga kifusi na kushindilia, ili maghala na maegesho yajengwe juu. Nimeng'oa misingi ambayo zege lake lilikuwa gumu kuliko kichwa cha mwenye kiwanja. Nimechimba pia ardhi ambayo hata sasa sipendi kuikumbuka.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kukamua mafuta ya karanga na alizeti, upande wa reli. Kilikuwa kimefungwa miaka mingi, mashine zimeuzwa vyuma chakavu, bati zimeondoka zenyewe, mnajua bati zinavyoondoka. Lakini jua likiwaka, ardhi ilinuka karanga za kukaangwa. Mafuta yalikuwa yamezama chini miaka yote ile. Akili ilinieleza hivyo, nami niliielewa, ila mate yalipokuwa yakinijaa mdomoni kwa harufu ya chakula kinachotoka ardhini, nilikuwa najisikia vibaya.

Mnunuzi alikuwa Hajji mmoja, msafirishaji, mtu wa mikoa ya kati aliyehamia Tunduma na lori moja. Alitaka maegesho. Alituonya mapema kuwa nyuma ya kiwanda kuna makaburi ya wafanyakazi waliotoka mbali, na alitaka kila mtu atolewe kwa heshima kabla ya lori la kwanza kuingia. Tangazo likabandikwa, ndugu wakaja kuchukua watu wao, na wale wasio na ndugu wangehamishiwa makaburi ya mji chini ya usimamizi wa bwana afya.

Mlinzi wa eneo aliitwa Babu Haonga. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda tangu kikiwa hai, na kilipofungwa akabaki kulinda magofu. Kila asubuhi alizunguka na panga lake, na miguu yake ilikuwa imechora njia kwenye majani. Njia ilitoka getini ikanyooka, ikifika karibu na nyumba ya bwela la zamani, lile la kuchemshia mvuke, ikapinda nusu duara, ikazunguka mahali pasipo na kitu, kisha ikanyooka tena. Akifika pale penye kupinda, anavua kofia. Nilimuuliza kuna nini. "Mguu umezoea," alinijibu, akageukia upande wa reli.

Nilipopita hapo na shindilia, mlio ulibadilika. Nilipita mara ya pili, ukabadilika palepale. Mzee Silwimba, ambaye sasa alikuwa msimamizi wetu, alinyanyua mkono nisimame. Akaja akapiga chini kwa kisigino, akaniambia niegeshe mashine kwingine mpaka tujue. Sikubishana. Mimi huwa nabishana sana, ila siku hiyo sikubishana.

Mjane mmoja, Bibi Nambeye, alifika siku ya kazi yenyewe ya makaburi, asubuhi, akitembea nyuma ya guta lililobeba jeneza jipya. Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kanga vizuri, na jeneza lilikuwa la mtu mzima, refu kabisa. Mzee Silwimba alimpokea kwa heshima ya mpakani, akimwita mama kwa lugha ya ng'ambo.

"Bamayo, pole na safari. Ila kwa mifupa ya miaka yote hiyo, kisanduku kidogo kingetosha."

"Mume wangu alikuwa mrefu," alijibu Bibi Nambeye. "Simkunji."

Alitueleza habari yake akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya jeneza. Mumewe, Yoramu, alikuwa fundi wa kiwanda, mtu wa Hasamba kule Mbozi. Yeye alikwenda Hasamba kwa wakwe kujifungua, na mtoto, Gidion, akiwa bado mchanga kabisa, ikaja habari kwamba Yoramu amekufa kwa homa. Alipofika Tunduma alikuta kaburi limeshafukiwa. Wenzake walimwambia mwili ulikuwa umeharibika, wasingeweza kungoja. Alilia juu ya udongo, akarudi. Sasa mama mzazi wa Yoramu ni mzee sana, haoni tena, naye alikuwa amesema hafi mpaka mwanawe alale nyumbani. Mikeka ilikuwa imetandikwa Hasamba, watu wamekusanyika, na Gidion, ambaye hakuwahi kumwona baba yake, amechimba kaburi kwa mikono yake mwenyewe.

"Alilala mwisho wa mstari, upande wa tangi la maji," alisema. "Nipeni mume wangu niende."

Misalaba ilikuwa imeliwa na mchwa zamani. Nikafunga ndoo isiyo na meno, nikaanza kukwangua. Nimefanya kazi hiyo mara nyingi, lakini sijawahi kuizoea. Udongo mwekundu unakaa mtupu, halafu mara linatokea umbo. Pembe nne, urefu wa mtu. Pembeni yake lingine, na lingine, yamejipanga kama vitanda vya wodi. La mwisho upande wa tangi lilijitokeza safi kuliko yote, na Bibi Nambeye akashusha pumzi kwa sauti.

Kutoka hapo ni kazi ya mikono. Vibarua walishuka na makoleo, bwana afya akavaa glovu. Kwenye makaburi mengine asubuhi hiyo tulikuwa tumepata mifupa, vifungo vya shati, bizimu ya mkanda. Kwenye lile la mwisho walishuka mpaka wakafika udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa, na hawakupata kitu. Hakuna mfupa, hakuna msumari, hakuna uzi. Sakafuni palikuwa na ukanda mwembamba wa udongo mweusi laini, umelala kwa urefu, basi.

Mzee Silwimba alishuka mwenyewe. Aliusugua ule weusi kati ya vidole, akaunusa, akakaa amechuchumaa kwa muda. Nilikuwa juu ya kijiko, injini imezimwa, nikasikia kila neno.

"Hapa hakulala mtu," alisema. "Hili ni kaburi la mgomba."

Mnaotoka mijini mbali hamtaelewa, kwa hiyo nieleze. Kaburi likishachimbwa haliachwi wazi bila mwenyewe, litaita mwingine. Na mtu akipotea kabisa, majini au porini, asipatikane mwili, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa shuka, ukazikwa, watu wakalia, msiba ukaisha. Mgomba huoza wote. Hauachi hata jino.

Bibi Nambeye alikuwa ameelewa kabla sijaelewa mimi. Alishika ukingo wa jeneza. Akauliza neno moja tu.

"Alivuka?"

Tunduma neno hilo lina watu wengi ndani yake. Waume wangapi wameaga asubuhi wanakwenda kununua sukari Nakonde, ng'ambo ya Zambia, na mpaka leo hawajarudi. Niliuona uso wake, na nasema wazi kuwa niliogopa, kwa sababu sikujua kama alikuwa akiomba jibu liwe ndiyo au hapana.

Babu Haonga alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliweka panga chini, akavua kofia, akaketi juu ya udongo.

"Shemeji, hakuvuka. Yupo hapa."

Alizungumza akitazama kofia yake. Yoramu alikuwa chini akiongeza kina cha kisima cha kiwanda, karibu na bwela. Kuta zikaporomoka naye. Wenzake wanne walichimba mpaka mikono ikachanika, ukuta wa pili ukaanguka ukataka kuwameza na wao, na meneja wa wakati huo akaamuru kisima kifukiwe na jambo lisitoke nje ya geti. Wakakata mgomba, wakauzika kwenye mstari wa wenzao.

"Ulikuja na kichanga mgongoni," alisema. "Tungekwambia nini? Kwamba mumeo yupo kisimani na hatumtoi? Tulisema angalau upate mahali pa kulilia."

"Nililia juu ya mgomba," alisema Bibi Nambeye.

"Ndiyo, shemeji."

"Na wewe ulikuwa unanitazama."

Bibi Nambeye alimwendea, nikadhani atampiga, na kusema kweli nisingemzuia. Alisimama tu juu yake. Kisha akanigeukia mimi. "Baba, washa mashine yako."

Injinia wetu, Rehema, alikuja mbio kutoka getini. Alisikiliza yote bila kukatiza, akatoa amri zilizokuwa sahihi na ambazo nawasihi mzifuate popote mtakapokuta kisima cha zamani. Nichimbe kwa ngazi, mapana kwanza, na mtu yeyote asishuke mule, hata aombe vipi. Nikakwangua pale njia ilipopinda. Mviringo ukatokea, kingo zake kali kabisa, udongo wa ndani umevurugika. Nilikuwa nimepita juu yake na shindilia nikipiga mluzi.

Nilichimba mpaka mkono wa kijiko ukaisha. Udongo ulikuwa ukizidi kuwa baridi na mweusi, na hewa iliyotoka chini ilinuka karanga, nzito, mbichi. Maji yakaanza kutambaa. Halafu ndoo ikaibuka na waya wa chuma umejipinda kwenye ukingo wake, ule waya mnene wa kuteremshia watu na ndoo. Nikainua kidogo. Waya ukanyooka, ukakaza, ukashuka wima gizani. Nikainua tena. Kule chini kitu kikakataa.

Niliuona waya ukitetemeka. Nikazima injini ili nijue kama ni mtetemo wa mashine. Haukuacha. Najua, najua, maji yalikuwa yakipanda na udongo ukijipanga, chuma kilichokazwa lazima kicheze. Mzee Silwimba alikuwa ameketi kwenye mnyororo, mikono magotini. Ilisikika sauti ya kugonga, polepole, kutoka chini kabisa. Udongo ulioguswa hugonga unapotulia, nimeusikia mara nyingi. Siku hiyo hakuna aliyelisema hilo.

"Usimvute," alisema Bibi Nambeye.

Injinia Rehema alitaka kumzuia, akaona hashuki, anasimama juu kwenye udongo mgumu, akamwacha. Bibi Nambeye alinyoosha mkono akaushika waya pale ulipolala juu ya ndoo. Akaanza kuongea na mumewe, kwa sauti ya kawaida tu, ya mke anayemkuta mume mezani. Alimwambia mtoto alikuwa wa kiume. Alimwambia jina. Alimwambia kahawa za baba yake zilikatwa zikapandwa nyingine, na mama yake macho yamekwisha lakini ulimi upo. Alimwambia, "Nilikasirika sana na wewe, Yoramu, kwamba uliugua hukuniita." Kiganja kilikuwa bado juu ya waya. "Kumbe hukuugua." Nililia mle ndani ya kijiko, na sioni haya kuliandika.

Alipoachia, alipangusa kiganja kwenye kanga. Injinia alimweleza taratibu kwamba tukiendelea, kuta zitashuka na mashine itashuka nazo, na hata hivyo huenda tusimfikie. Alisema ameelewa. Alisema hakuna wa kumfuata mule tena, mmoja ametosha. Kisha akalitazama jeneza kwenye guta.

"Kaburi limechimbwa Hasamba," alisema. "Gidion amelichimba. Mama mkwe ameketi mlangoni tangu alfajiri. Nikifika na jeneza tupu nitawaambia nini?"

Aliposema hivyo akamgeukia Babu Haonga. Walitazamana kwa muda.

"Shemeji," alisema mwishowe, "migomba ile nyuma ya mabafu bado ipo?"

Babu Haonga alikwenda na panga lake. Alirudi akiwa ameuburuta mmoja mnene, unatiririka maji, akaupima kwenye majani ili aukate.

"Ongeza," alisema Bibi Nambeye. "Nimeshawaambia alikuwa mrefu."

Tuliuvika shuka jipya, tukaulaza, mwenye guta akapiga misumari akijifanya haoni. Bwana afya alivua glovu, akakunja karatasi zake, akasema mgomba hauhitaji kibali chake, akaenda kunywa chai. Kisima nilikifukia mwenyewe, ndoo kwa ndoo, bila kudondosha. Hajji alipoelezwa alisimama pale akaomba dua kwa dini yake, akaagiza mviringo ule uzungushiwe mawe na lori lolote lisikanyage. Yapo mpaka leo, na madereva wanaotukana wakiyagonga hawajui wanamtukana nani.

Tulikwenda Hasamba kwa gari la kampuni, mimi na Mzee Silwimba, kwa sababu Bibi Nambeye alitaka wabebaji wanaojua wamebeba nini. Njiani alisema maneno machache. Kila tulipokata kona alitamka jina la mahali, Mpemba, Vwawa, ili aliyekuwa akiitwa ajue njia. Nilitamani kumuuliza alikuwa akimwambia nani.

Gidion alitupokea barabarani. Kijana mrefu, shati jeupe jipya, koti amelishika mkononi kwa ajili ya joto. Alimpa mtu koti, akaingiza bega chini ya jeneza upande wa mbele, mimi nikiwa nyuma yake. Kutoka barabarani mpaka nyumbani ni mwendo wa kupanda, na mgomba mbichi ni maji matupu. "Baba ni mzito," alisema, na kwa sauti yake alikuwa na furaha. Bibi mzaa baba aliinuliwa mlangoni, akapapasa mbao kutoka mwanzo hadi mwisho. "Ndiye," alisema. "Ni urefu wake."

Nilihisi ubaridi begani kabla sijaona. Mbao zilikuwa za haraka, na maji yalikuwa yamepata pa kupitia. Mtu wa Mbozi hahitaji kuelezwa doa la mgomba, mama zetu wametuchapa kwa ajili yake utotoni, halitoki kwa sabuni wala kwa chumvi. Tulipoteremsha jeneza kaburini na kunyooka, shati la Gidion lilikuwa limelowa kuanzia shingoni mpaka kifuani, na ukingo wa ule ulowevu ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya kahawia.

Aliliona doa. Aligusa kwa vidole viwili, akavisugua, vikanata. Akavinusa. Alinitazama mimi, nikashindwa kukwepa macho yake, kisha akamtazama mama yake ng'ambo ya kaburi, na Bibi Nambeye hakuinamisha kichwa.

Gidion aliomba koti lake. Akalivaa juu ya doa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni katika jua lile, akaenda kumshika bibi yake mkono.

"Bibi," alimwambia, "baba amefika. Rusha udongo."